Zima Simu, Mama

Ndani ya kompyuta ya dukani kwetu kuna kompyuta nyingine. Si mafumbo. Unabonyeza alama fulani, linafunguka dirisha, na ndani ya dirisha hilo kuna kompyuta kamili, ina saa yake, mafaili yake, takataka zake, ila huwezi kuigusa kwa mkono. Wenye elimu yao wanaiita mashine pepe. Sisi tunaiita karantini. Flashi ya mteja haisomwi kwingine kokote kabla ya kupita karantini, na ukijisahau bosi anakutukana mbele za watu.

Kwenye hilo simlaumu. Hapa Kibiti flashi haina mwenyewe. Leo ina mitihani ya mwalimu, kesho iko kwa mwanawe inaingizwa miziki, keshokutwa iko kwetu inachapa muhtasari wa kikao cha kijiji, na kila ilikopita imeokota uchafu. Kabla ya karantini tuliwahi kufungua duka asubuhi tukakuta barua za wateja wote zimegeuka vijisanduku. Watu walitujia juu kama tumewaibia.

Karantini ni hivi: unaiacha programu unayoitilia shaka ifanye ushenzi wake wote, na wewe umekaa unaitazama. Inafuta, inabadilisha majina ya mafaili, inahangaika kutoka nje kumtafuta bwana wake. Umeifungia, haifiki popote. Ukishaona tabia zake unabonyeza kitufe kimoja, na ile kompyuta ya uongo inarudi ilivyokuwa kabla hujaanza, kama hakikutokea kitu. Nilikipenda sana kile kitufe. Siku hizi nikikiona natamani kukipiga ngumi.

Mimi si mtaalamu. Nimeishia kidato cha nne, na haya niliachiwa na dada aliyekuwa akifanya kazi hapa kabla yangu, alipoolewa akaondoka. Nayasema ili mtu asije akadhani naandika kujionyesha. Naandika kwa sababu nina hasira, na hasira yangu haina pa kwenda.

Mama yangu anakaa Kiongoroni, kule delta inakomalizikia baharini. Kutoka Kibiti unakwenda na gari mpaka Nyamisati, halafu boti, na boti haiondoki unapotaka wewe, inaondoka maji yanapotaka. Mtandao haufiki majumbani. Kuna tuta refu la mashamba ya chumvi, nyuma ya nyumba za mwisho, hapo ndipo simu zinaposhika. Watu wanapanda pale kama wanavyokwenda kisimani: wanapiga simu zao, wanasoma ujumbe wao, wanashuka. Ukiwa chini, simu yako ni kamera na tochi basi.

Mama alikuwa akipanda kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, na mimi nampigia. Nikiwa na homa nampigia. Tukiwa tumegombana Ijumaa iliyopita nampigia, tunamalizia ugomvi wetu.

Na simu ile ndiyo iliyokuwa na mwanangu.

Mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, alipofika umri wa kuacha ziwa nilimpeleka kwa bibi yake. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Mtoto akimwona mama yake ataendelea kulililia, kwa hiyo anakaa kwa bibi mpaka asahau. Alikaa, akasahau, na nadhani na mimi alinisahau kidogo, maana nilipokwenda kumtazama alijificha nyuma ya khanga ya mama akanichungulia kwa jicho moja. Nilicheka kwa mdomo tu. Mama alikuwa ndiyo kwanza amepata simu ya kupangusa, kaka yangu kamletea, na picha za kwanza alizowahi kupiga maishani mwake ni za mjukuu wake. Yuko ndani ya beseni. Amevaa ushungi wa bibi. Amelala juu ya gunia la mpunga, mdomo wazi. Nyingine sijapata kuziona, nimesimuliwa tu. Kuna moja, mama anasema, amemshika kamba mkubwa kwa ndevu, kamba anamtazama yeye na yeye anamtazama kamba, na wote wawili wamekasirika.

Homa ilimshika kule. Boti ilikuwa imekaa kwenye tope inasubiri maji. Walipofika Nyamisati alikuwa ameshakwenda. Zaidi ya hapo siandiki.

Ila nitaandika jinsi nilivyoambiwa. Nilikuwa dukani nachapa. Shangazi yangu wa Mtawanya aliingia, hakusalimia, akanyoosha mkono.

"Nipe simu yako."

Nikampa. Akaizima, akaitia kifuani. Nikajua.

Kwetu msiba haupokewi kwa simu. Akifa mtu wako wa karibu, yule wa kwanza kupata habari anawahi kuhakikisha simu yako imezimwa. Akiwa karibu anakuja kuizima mwenyewe, akiwa mbali anatuma mtu: mwambieni azime simu, mimi niko njiani. Wanafanya hivyo habari isikukute peke yako barabarani au mgongoni mwa bodaboda. Ikukute umeketi chini, una watu. Ni huruma, na ni huruma ya kweli. Lakini mtu akishafanyiwa mara moja, hayo maneno mawili hayasikii tena kama wanavyoyasikia wengine.

Kwa muda mrefu sikutaka kuziona picha zake. Zile za uchanga zilikuwa kwenye simu yangu ya zamani, nikaibiwa stendi, na nitasema kweli, siku ile sikumlaani mwizi. Niliona kanipunguzia. Kisha nikamzaa huyu wa pili, wa kike, na alipoanza kusimama kwa kushika ukuta akageuka siku moja akanichungulia kwa jicho moja. Vilevile. Nikaacha kufua.

Ijumaa iliyofuata nikamwambia mama, "Nitumie picha zake."

Upepo ukavuma kwenye simu. "Zake yeye?"

"Zake yeye."

"Zote?"

"Zote, mama."

"Mimi sijui kuzituma."

"Nitakurushia bando. Mwombe mtu hapo tutani akuonyeshe."

"Haya. Ijumaa ijayo, inshallah." Halafu, kwa vile hatukuweza kukaa kimya wote wawili, akahamia mambo mengine. "We mwanangu, simu yangu sasa inaimba! Juzi kwenye maulidi wenzangu wamenirushia kaswida. Haitaki bando, haitaki mtandao, ina alama ya kuba la kijani, unabonyeza tu. Jirani zangu wamekoma."

"Hongera, mama," nikamwambia.

Hongera!

Jumatano nikamrushia bando. Kubwa, la mwezi mzima, nikifikiri picha ni nyingi. Ujumbe ukaja kwamba limepokelewa, yaani limeingia kwenye namba yake, linamsubiri apande tutani.

Mchana wa siku hiyohiyo akaja kaka mmoja, fundi cherehani, uso umemshuka. Akaweka simu yake juu ya meza.

"Dada, mishono yangu yote imekufa."

Alikuwa na picha za kila gauni alilowahi kushona, ndizo anazowaonyesha wateja. Zote zilikuwa vijisanduku vya kijivu, vimejipanga kama makaburi mapya. Juu yake palikuwa na maandishi ya lugha ambayo Kibiti nzima hakuna anayeijua hata herufi moja. Nikapangusa pembeni kutazama programu zake, nikaliona. Kuba la kijani.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nimerushiwa harusini. Tamu hiyo, haitaki bando."

"Ulikuwa unafanya nini kabla picha hazijafa?"

"Sijafanya kitu mimi. Nilikuwa sina bando siku nyingi. Leo nimeunga, basi."

Nikaichukua programu ile, nikaiingiza karantini. Mle ndani unaweza kutengeneza hata simu ya uongo, ina kioo, ina betri, inajidhania ni simu. Lakini simu bila picha ingenifichia tabia ya yule mnyama, ilibidi nimpe chambo. Nikapiga picha stepla. Nikapiga picha kiti, kikombe cha chai cha bosi, mguu wangu na kandambili. Binti yangu alikuwa amelala kwenye boksi la karatasi chini ya meza. Yeye sikumpiga. Simpi mtoto wangu mnyama nisiyemjua, hata kwa uongo.

Nikahifadhi hali ya simu ilivyo, ili kitufe kijue pa kurudi. Nikalifungua lile kuba. Likaimba. Sauti nzuri, nasema kweli, ya watoto wa madrasa na dufu. Nikasubiri. Picha zangu zimetulia. Nikaizima simu ya uongo nikaiwasha, kimya. Kisha nikatoa modemu ya zamani, isiyo ya mtandao wa duka, nikaipa simu ile intaneti.

Haikuacha hata kuimba. Picha zikaanza kwenda huku watoto wanaendelea na kaswida yao. Ilianza na ile niliyoipiga mwanzo kabisa. Stepla ikawa kijivu. Kiti. Kikombe. Mguu wangu.

Nikabonyeza kitufe, stepla ikarudi. Nikaanza upya. Safari hii nikakata intaneti katikati: ikasimama palepale, ilizokula imekula, zilizobaki zikabaki. Nikabonyeza kitufe. Safari hii nikalifuta kuba kwanza, ndipo nikaipa simu intaneti: picha zote salama. Nikarudia na kurudia nikitafuta kama kuna mahali nimekosea. Sikukosea. Dawa ilikuwa nyepesi mno. Futa kuba kabla simu haijapata intaneti, basi, umepona.

Na mama yangu simu yake ilipata mtandao mahali pamoja tu duniani, nao ulikuja na kila kitu kwa pamoja. Nikimpigia nimwambie, simu yake lazima iwe tutani ndiyo inipokee. Ikiwa tutani, bando langu linafunguka. Likifunguka, inaanza na picha za mwanzo. Na picha za mwanzo ni zake yeye.

Nilikaa pale nikiutazama mguu wangu unakufa, unarudi, unakufa.

Nilimfikiria aliyeitengeneza. Mtu ana mikono, ana macho, ameketi mahali penye feni, akasema nitachukua sauti za watoto wa madrasa niwawekee chambo watu wasiokuwa na bando. Alifikiria mpaka hapo! Alijua kuna watu kama mama. Na hakuomba hata kitu kwa lugha ninayoijua. Angeomba ningejua la kufanya: ningemtukana, ningemlilia, ningemwendea kwa magoti. Ameandika maneno nisiyoweza kuyasoma akaenda zake kula.

Nikaanza kupiga simu. Ya mama: hapatikani. Ya jirani yake: hapatikani. Ya imamu, hapatikani. Binamu yangu mmoja akapokea.

"Uko tutani?" nikamwambia hata kabla ya salamu.

"Tuta gani? Mimi niko Mbagala mwaka wa pili huu. Na hata harusi yangu hukuja."

Nikapiga kwa wenye bando. Dada wa huduma kwa wateja akanisikiliza vizuri sana, sauti yake kama asali. Bando likishapokelewa halirudi. Je, kuna lingine angependa kunisaidia? Nikamwambia lingine, na hilo siliandiki hapa.

Kwenda mwenyewe nisingeweza. Binti yangu alikuwa na homa. Asubuhi ile nilitoka naye Mchukwi hospitali, wakampa dawa, wakasema asipopoa nimrudishe haraka. Niambieni nani anamtoa mtoto mwenye homa penye hospitali anampakia kwenye boti kumpeleka Kiongoroni. Mtu mwingine labda. Si mimi. Kumwacha pia sikuweza, bado ananyonya. Mume wangu alikuwa Lindi na lori la watu, ameenda kushusha saruji. Shangazi miguu imemvimba.

Bosi aliniona nalia nikamweleza. Akapangusa mdomo wa kikombe chake, kikombe kilekile.

"Picha tu hizo, mwanangu. Mwenyewe alishakwenda, picha za nini? Unajitonesha bure."

Nilisimama nikamwambia yaliyonijaa. Hakunifukuza, kwa sababu karantini hajui kuiendesha. Asingekuwa mjinga wa kompyuta leo ningekuwa nauza vitumbua.

Alhamisi asubuhi nikapata mwanga. Kuna mama mmoja wa Kiongoroni, mchuuzi wa kamba, anakuja na ndoo zake hapa stendi na kurudi boti ya jioni. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Nikamfunga mtoto mgongoni nikamkimbilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kamba wamekwisha, umechelewa. Mnapenda kulala nyie wa Kibiti."

"Sitaki kamba. Unarudi leo?"

"Maji yakikubali."

"Nakuomba, ukifika tu, mwambie mama yangu azime simu. Aizime kabisa, asiiwashe. Na kesho asipande tutani. Mimi mwenyewe nakuja, huyu akipoa."

Alikuwa anafunga kitambaa juu ya ndoo. Akaacha. "Azime simu."

"Aizime."

"Na wewe unakuja."

"Nakuja."

"Kuna nini, mwanangu?"

Nikajaribu kumweleza. Kuna programu, ina kaswida, ndani yake kuna kirusi, bando likifunguka kinakula picha. Maneno yalinitoka mengi na ya haraka, na macho yangu yalikuwa mekundu tangu jana. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayezunguka zunguka kwa sababu la maana hawezi kulitamka. Akanishika bega.

"Nitamwambia taratibu," akasema. "Pole sana, mwanangu. Poleni wote."

Nikasema ahsante. Nikarudi dukani nimetua mzigo. Wallahi nilinunua hata maandazi. Nikamwekea bosi mawili mezani, ya kumwomba radhi.

Ijumaa, jua halijawa kali, niko dukani, mtoto mgongoni amepoa homa, simu yangu ikaita. Imeandika Mama.

Mama hanipigii. Mimi ndiye ninayempigia, na ni baada ya sala. Nikapokea, na upepo wa tutani ulikuwa unavuma ndani ya simu.

"Nani?" akasema. Hakuna salamu, hakuna kitu.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nani kafa?"

Ndipo likaniangukia. Mchuuzi wa kamba amefika kwa mama jioni, na ndoo zake, na uso wake wa huruma, akamwambia taratibu: binti yako kasema uzime simu, yuko njiani anakuja. Ningemwambia neno gani lingine baya kuliko hilo? Na mama akalala nalo usiku mzima, peke yake, mpaka akashindwa kungoja kuja kuambiwa.

"Hakuna aliyekufa, mama. Hakuna! Zima simu."

Nikajisikia nikilitamka tena.

"Unaona? Unaona? Nambie tu. Nimeshakaa chini, mwanangu. Nimekaa, niko na watu. Nambie."

Kweli kulikuwa na sauti za wanawake nyuma yake. Walimsindikiza. Walipanda naye tutani kumshika akianguka.

"Mama, nisikilize. Pangusa kioo kwa juu, uvute chini, kuna vimshale viwili..."

"Usinizungushe! Mumeo?"

"Yuko Lindi."

"Lindi kafanywa nini?"

"Kapeleka saruji, mama, mzima wa afya! Vuta kioo chini..."

"Kaka yako?"

"Kaka mzima. Mama, picha! Picha za mtoto, mama, zinakwenda, zima data..."

Heri nisingesema mtoto. Ningesema lolote, lakini nisingesema mtoto.

Sauti yake ikapasuka. "Ni mtoto tena? Ni mtoto tena jamani?" Na wale wanawake wote nyuma yake wakaanza.

Nilifikiria kukata. Nikikata angebaki pale juu, simu inawaka mkononi, analia na kunipigia upya, na ndani yake ile kazi inaendelea. Nisipokata inaendelea vilevile. Mimi najua inavyokwenda, nimeitazama mchana kutwa, inaanza na ya kwanza, haina haraka. Beseni. Ushungi. Gunia la mpunga.

Nikamfungua binti yangu mgongoni nikamwekea simu mdomoni. "Sema bibi. Sema. Piga kelele." Mtoto yule anapiga kelele kutwa, wateja wanalalamika. Siku ile akafunga mdomo, akaitazama simu kwa jicho moja.

"Simsikii," mama analia. "Simsikii mwanangu. Mnanificha. Mnanificha kama tulivyokuficha..."

Nikamfinya. Nikamfinya pajani kwa kucha, kwa nguvu, mtoto aliyetoka kupoa homa asubuhi ile. Akatoa ukelele mpaka bosi akainuka kwenye kiti.

Kule tutani vilio vikakatika, nikamsikia mama anashusha pumzi yote aliyolala nayo. "Alhamdulillahi. Ni yeye. Huyo ni yeye. Mzima huyo." Akawaambia na wenzake, "Mzima, anapiga kelele kama tarumbeta." Wakacheka, wanawake wale, wanacheka na kulia. "Mpe tena nimsikie," akasema. "Mpe tena."

Nikampa tena. Ningefanya nini?

Alipotulia akanifuata maneno, mstari kwa mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza. Amevuta kioo. Ameona vimshale. Amevibonyeza, vimezimika.

"Sasa fungua picha, mama."

"Nimefungua."

"Zipo?"

"Zipo tele."

"Zipi?"

"Hizi za maulidi. Hii ya mashua mpya ya shemeji. Huyu wewe, ulikuja una tumbo."

"Rudi nyuma zaidi."

Upepo. "Nyuma kuna kijivu tu, mwanangu. Vijisanduku. Vimejipanga." Akangoja. "Mtandao huo, ee? Leo mbaya."

Nilikuwa nimeegemea mashine ya fotokopi, mtoto amelala begani kwangu baada ya kulia, ana kwikwi.

"Mtandao, mama," nikasema.

Alama za kucha zangu zilikaa pajani mwake mpaka jioni. Nilizipaka mafuta.

Nilikwenda Kiongoroni mtoto alipopona sawasawa. Nilifuta kuba, kwa mama na kwa kila jirani aliyeniletea simu yake, na wengine walininunia kwa kuwafutia kaswida. Nikanakili kila kilichokuwemo kwenye simu ya mama nikarudi nacho Kibiti, nikakiingiza karantini, nikabonyeza kitufe. Kinarudisha kilichoingia tu. Na kilichoingia ni kijivu. Nimewauliza watu wa Dar wenye maduka makubwa ya kompyuta, nao wameniambia maneno marefu yenye maana fupi.

Mama sijamwambia. Kila Ijumaa anapanda tutani, tunasalimiana, anataka kwanza kumsikia mjukuu wake akipiga kelele, halafu anafungua picha, anarudi nyuma mpaka kwenye kijivu. Vile vijisanduku anavijua kimoja kimoja.

"Hiki cha pembeni ndiyo beseni. Kinachofuata ushungi. Hiki hapa ndicho kile cha kamba, ambacho hujakiona. Bado hakijafunguka."

"Subiri, mama," namwambia. "Mtandao wa huko mbovu."

"Mbovu sana," anasema, na namsikia anavyonyamaza, ameishika simu, anasubiri.